Gemu la vita likiwa bure, nani amelipia bunduki?

Kila mapigano yanapopamba moto mahali fulani duniani, magrupu ya WhatsApp ya Mtwara na Lindi hupata video zake kabla hata ya taarifa ya habari. Ndege inakimbizwa na kombora. Msafara wa vifaru unalipuliwa kimoja baada ya kingine, kamera inatikisika, giza tupu. Baadhi ni za kweli. Nyingine zimetoka kwenye gemu. Februari 2022, siku za mwanzo za vita vya Ukraine, watu wengi duniani walishangilia kipande cha rubani aliyedaiwa kudungua ndege za Urusi juu ya Kyiv, kumbe kilitengenezwa ndani ya DCS World, gemu la ndege za kivita ambalo toleo lake la msingi hupakuliwa bure.

Kwetu huku si jambo la kulicheka likapita. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado la Msumbiji, watu wanauana tangu Oktoba 2017. Oktoba 2020 moto ulivuka mto, kijiji cha Kitaya kikashambuliwa. Machi 2021 ikawa mji wa Palma, kulekule Cabo Delgado, na waliokimbia wakashika njia ya mpakani. Mtu wa Nanyamba akitumiwa video ya usiku yenye milio ya risasi hawezi kuifuta tu akasema hayo ni mambo ya watoto. Wakati huohuo mwanawe yuko barazani na simu, anafyatua bunduki yenye mlio uleule.

Ndiyo maana maswali huja kwa mkupuo: haya magemu yanatoka wapi, mbona yanafanana na vita hivyo, mbona mengi ni ya bure, na je, yanamfundisha mtoto uaskari? Watu huyajibu yote kwa jibu moja, na hapo ndipo vurugu inapoanzia. Tuyatenganishe.

Uhalisia hauko kwenye picha

Gemu la vita ninalolizungumzia hapa ni lile ambalo mchezaji huona dunia kwa macho ya askari: mikono na bunduki mbele yake, adui mbali kidogo. Yako ya kila aina. Lipo la kurukaruka ovyo na kupona jeraha kwa kujificha sekunde chache nyuma ya ukuta. Na lipo linalojaribu kufuata vita vilivyo. Hili la pili ndilo huitwa la uhalisia, na watu wengi hudhani uhalisia huo ni picha kali, jasho linalong'aa usoni mwa askari. Sivyo. Picha ni ngozi tu, tabaka la kwanza.

Tabaka la pili ni mwendo wa vitu. Chukua risasi. Katika magemu ya zamani kama Doom ya mwaka 1993, ukibonyeza kufyatua bastola, kompyuta huchora mstari mnyoofu kutoka kwako hadi mbele, na yeyote aliye juu ya mstari huo amepigwa papo hapo. Hakuna risasi inayosafiri. Sasa linganisha na bunduki yenyewe. Risasi ya AK-47 hutoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 715 kwa sekunde. Adui akiwa mita 300, inahitaji kama nusu sekunde kumfikia, na ndani ya nusu sekunde hiyo inakuwa imeshuka zaidi ya mita moja chini ya mstari wa mtutu. Kama adui anakimbia, utapiga pale alipokuwa. Sauti nayo husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo anayelengwa hupigwa kwanza, mlio humfikia baadaye. Gemu la uhalisia hukokotoa yote hayo kwa kila risasi, hata kama hakuna anayeona hesabu hiyo.

Halafu kuna tabaka la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote: utaratibu. Risasi moja inatosha kukuua. Ukifa, unasubiri. Huwezi kubeba silaha kumi. Bila wenzako wa kukulinda unapovuka uwanja hufiki popote. Operation Flashpoint, lililotolewa mwaka 2001 na Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki, lilikuwa na miti ya kukatakata na nyuso za mbao ukilitazama leo. Lakini lilikupa kisiwa kizima cha kutembea, ukatembea dakika nyingi bila kuona mtu, kisha ukaanguka bila kujua aliyekupiga alikuwa kichaka gani. Askari waliolicheza walilitambua. Kutokana nalo ikazaliwa programu ya mafunzo ya kijeshi, VBS, iliyotumiwa na majeshi ya Marekani, Uingereza na Australia, na mwaka 2022 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ikanunuliwa na BAE Systems, watengenezaji wa silaha wa Uingereza.

Uhalisia ukizidi huwatia watu wazimu. Mwaka 2012 watengenezaji wawili wa Bohemia walikamatwa katika kisiwa cha Limnos, Ugiriki, wakituhumiwa upelelezi kwa kupiga picha maeneo ya kijeshi. Kisiwa hicho ndicho kilichokuwa mfano wa uwanja wa gemu lao la Arma 3. Walikaa rumande hadi Januari 2013. Na mwaka 2021 mchezaji wa War Thunder, gemu la bure la vifaru na ndege, alitoa hadharani kurasa za kitabu cha siri cha kifaru cha Uingereza cha Challenger 2, kisa anabishana kwamba kwenye gemu kimechorwa vibaya. Siri ya jeshi, kwa ajili ya ubishi wa gemu!

Mashine na unga

Ili kuelewa kwa nini mengine ni ya bure, inabidi kwanza kujua gemu lina sehemu mbili. Ya kwanza huitwa injini. Hiyo ni programu inayojua kuchora nuru, kuangusha vitu, kupokea amri za vidole vyako na kuwasiliana na seva, kompyuta inayowaunganisha wachezaji. Ya pili ni vilivyomo: maumbo ya askari, sura za nyumba, milio ya bunduki, miondoko ya mtu anayekimbia, ramani.

Injini ni mashine ya kusaga ya mtaani. Haijali umeleta mahindi, mtama au makopa, inasaga. Injini ileile inaweza kutoa gemu la mpira, la harusi au la vita. Mwenye mashine anaweza siku moja akasema, jamani, mchoro wa mashine yangu huu hapa, kila mtu atengeneze ya kwake. Hilo limefanyika kweli: kampuni ya id Software ilitoa msimbo wa Doom, yaani maandishi ya programu yake, mwaka 1997, na Agosti 2005 ikatoa wa gemu lake jingine, Quake III, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Lakini walitoa mashine. Unga hawakuutoa. Picha, sauti na ramani za Quake III zilibaki mali ya kampuni.

Hapo ndipo pana kiini cha mambo. Kundi la watu wanaojitolea, mmoja yuko Ujerumani, mwingine Brazili, wanaweza kuiboresha mashine kwa miaka kwa sababu kila mmoja hurekebisha kipande kidogo usiku baada ya kazi. Unga wa uhalisia haupatikani hivyo. Unataka msanii wa kuchonga bunduki kwa wiki kadhaa, mtu wa kurekodi mlio wake uwanjani, mwigizaji wa kuvaa vifaa vya kunasa miondoko ya mwili. Na vyote vifanane, maana kofia moja ikichorwa na fundi mwingine inaonekana kabisa kuwa ya mwingine. Kwa hiyo magemu yaliyo huru kote kote, msimbo na vilivyomo, mengi ni ya kasi na ya dunia za kubuni. Xonotic ni mfano: ruksa kulinakili na kumpa jirani kwenye flashi, ruksa kulifumua na kulishona upya, lakini bunduki zake hazipo katika ghala la jeshi lolote.

Ukikutana na gemu la vita lenye uhalisia mkubwa ambalo ni bure, basi, uliza aliyelipa. Mara nyingi utamkuta ni mmoja kati ya wachache.

Walipaji

Jeshi lenyewe. Tarehe 4 Julai 2002, siku ya uhuru wa Marekani, jeshi la nchi kavu la nchi hiyo lilitoa America's Army, gemu la kompyuta la bure kabisa. Wazo lilikuwa la Kanali Casey Wardynski, na kazi ya mwanzo ilifanyika katika chuo cha jeshi la majini huko Monterey, California, kwa kutumia injini ya Unreal. Lengo halikufichwa: kuwavutia vijana wajiunge. Kwa muongo wa kwanza serikali ilitumia zaidi ya dola milioni 32. Mchezaji hakuruhusiwa kuingia vitani hivihivi; alianza kwa mafunzo ya kulenga shabaha, na akitaka kuwa tabibu alikaa darasani akafanya mtihani. Ukimpiga risasi mkufunzi wako, ulijikuta umefungiwa selo ya gereza la kijeshi la Fort Leavenworth. Na kulikuwa na ujanja mmoja ambao hadi leo naona ni wa ajabu: timu zote mbili zilijiona kuwa Wamarekani. Wewe ukiwatazama wenzako unaona wanajeshi wa Marekani, ukitazama upande wa pili unaona adui. Yule wa upande wa pili naye anaona hivyohivyo, kinyume chake. Hakuna aliyewahi kucheza kama adui wa Marekani. Seva za gemu hilo zilizimwa Mei 2022.

Wamarekani hawakuwa peke yao. Hezbollah ya Lebanon ilitoa gemu lake, Special Force, mwaka 2003, na jeshi la China nalo likashiriki kutengeneza la kwake, Glorious Mission, mwaka 2011. Gemu ni bango lenye kuchezeka.

Mlipaji wa pili ni mchezaji mwenyewe, ila si wote. Hili ndilo la kwenye simu za vijana wa Ligula na Chikongola: Free Fire la mwaka 2017, PUBG Mobile la 2018, Call of Duty Mobile la 2019. Kuingia ni bure. Ndani kuna duka la mavazi, rangi za bunduki, na vifurushi vya bahati nasibu. Wengi hawanunui kitu, wachache hununua sana, na wachache hao ndio wanaowalisha wote. Kwa nini asiyelipa hafukuzwi? Kwa sababu bila yeye aliyenunua vazi la dhahabu hana wa kumringia. Hayo maboksi ya bahati nasibu yamezua kesi: Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba baadhi yake ni kamari. Mzazi anayeona salio la simu linayeyuka huku mtoto akisema gemu ni bure, wote wawili wanasema kweli.

Na uhalisia hapa? Wa picha na sauti, ndio. Wa utaratibu, nusunusu. Askari aliyevaa suti ya pinki yenye mabawa hajatoka kambi yoyote ninayoijua.

Watatu ni mashabiki wanaopanda juu ya gemu la mwingine. Wanachukua gemu lililokwisha kununuliwa, wanabadilisha sheria na sura zake, wanaliita modi, wanaligawa bure. Counter-Strike ilianza hivyo mwaka 1999, vijana wawili juu ya gemu la Half-Life, kabla Valve, kampuni yenye Half-Life, haijalinunua. Project Reality ilianza mwaka 2005 juu ya Battlefield 2 ikalifanya liwe la amri za redio na subira. Mwaka 2015 likaanza kusimama lenyewe, bure, bila kuhitaji gemu mama. Baadhi ya waliolitengeneza ndio walioanzisha Squad, ambalo linauzwa. Hata PUBG asili yake ni modi iliyotengenezwa juu ya magemu ya Arma. Ukiona mti mkubwa katika ulimwengu huu, chimba, utakuta mizizi ya mtu aliyefanya kazi bila malipo.

Kuna na wa nne, ambaye halipi: mwizi. Gemu la kampuni lililovunjwa kufuli na kuuzwa kwenye flashi kwa elfu mbili tatu si la bure hata kidogo, ni la wizi, na mara nyingi aliyevunja kufuli ameacha mlango wa nyuma wa kuingilia kompyuta yako. Hili sitalirefusha.

Je, yanafunza kuua?

Swali hili mzee wa Mikindani hulitoa kwa sauti ya chini, na ana haki ya kuliuliza, tukizingatia nani yuko ng'ambo ya mto na anatafuta vijana gani.

Kidole kinachogusa kioo hakijifunzi bunduki. Bunduki ina uzito, inategua bega, inajam, inanuka. Majeshi yanayotumia VBS hayaitumii hasa kwa kufundishia kulenga. Wanaenda uwanjani kwa hilo. Wanaitumia kwa mambo ambayo ni ghali au hatari kuyarudia: msafara ukipigwa, nani anazungumza redioni, nani anabaki nyuma, majeruhi anatolewa vipi. Kilichofunzika ni utaratibu. Mwaka 2007 huko North Carolina mchezaji wa America's Army alisimama kwenye ajali ya gari akawasaidia majeruhi kuzuia damu, akasema aliyajua hayo kwa darasa la tabibu la ndani ya gemu. Kwa hiyo gemu linaweza kufundisha kitu. Yategemea limewekwa nini.

Kuhusu ukatili, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilisema mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa magemu ya ukatili husababisha vitendo vya ukatili, ingawa kuna uhusiano mdogo na ukorofi wa kawaida kama kufokeana na kusukumana. Tofauti hiyo huwa inapotea njiani: anayetetea gemu huchukua nusu ya kwanza, anayelipinga huchukua nusu ya pili.

Mimi hofu yangu iko kwingine. Gemu lililolipiwa na jeshi halimfundishi kijana kuua, linamfundisha nani ni adui. Na gemu lililolipiwa na duka la mavazi linamfundisha kurudi kesho. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na kipimo chake kikuu ni kama mtu ameshindwa kujizuia hadi kazi, shule na ndugu vimewekwa kando. Aina ya gemu haimo katika kipimo hicho.

Ile video

Turudi kwenye simu. Novemba 2022 Bohemia, baada ya kuchoka kuona Arma 3 ikipitishwa kama habari za vita, ilitoa maelezo ya namna ya kuzitambua. Mengi ni ya macho tu. Video huwa hafifu kupita kiasi, kana kwamba imepigwa na simu ya zamani, maana ung'avu ungeumbua. Kamera hutikisika kwa makusudi. Mara nyingi ni usiku, mara nyingi haina sauti. Watu wanaotembea hawaonekani karibu, kwa sababu gemu hushindwa hapo: kifaru huigwa vizuri, binadamu anayekimbia kwa hofu huigwa vibaya. Moshi na vumbi hutawanyika kwa mpangilio uleule kila mlipuko. Pembeni mwa kioo huenda pakabaki kipande cha maandishi au alama ya risasi zilizobaki.

Mimi naongeza la kwetu: sikiliza lugha. Video ya kweli ya Cabo Delgado itakuwa na mtu anayesema jambo, kwa Kimakonde, Kimwani, Kireno au Kiswahili. Sauti nayo hubandikwa, kwa hiyo hiyo peke yake haitoshi. Hata usipoona dalili yoyote ya gemu, usiisambaze hadi upate mtu aliyeko huko wa kuithibitisha.

Kwa kompyuta ya kawaida

Wapo watakaouliza wacheze nini, maana Warzone ya Call of Duty, bure kwa jina, imewahi kupita GB 100, na bando la kuipakua linashinda bei ya gemu lenyewe kama lingeuzwa. AssaultCube ni takribani MB 50. Limejengwa juu ya injini yenye msimbo wazi iitwayo Cube, linaenda kwenye kompyuta chakavu ya stesheneri, na wachezaji wa nyumba moja wanaweza kuunganishwa bila intaneti. Picha zake ni za kizee na risasi zake huenda mstari mnyoofu kama za Doom. Urban Terror liko hatua moja mbele: linatumia ile mashine ya Quake III, majeraha huvuja damu hadi yafungwe, na mguu ukipigwa unachechemea.

Anayetaka kutengeneza badala ya kucheza, Blender ya kuchonga maumbo ni bure tangu msimbo wake ufunguliwe mwaka 2002, na Godot, injini iliyoanzia Argentina, ni bure pia na faili lake halifiki MB 200. Lakini njia fupi zaidi imo ndani ya AssaultCube lenyewe: kuna kihariri cha ramani kinachofunguka gemu likiendelea, na watu wawili wanaweza kujenga ramani moja kwa pamoja kupitia waya. Boma la kale la Mikindani, na vichochoro vyake vinavyoteremka hadi ufukweni, lingetoka vizuri tu.